Dobi Aliyetutembeza Japani

Mie si mtu wa kushangazwa. Mtu aliyebeba gunia la mkaa kichwani kutoka Pugu mpaka mjini, mvua ikimpiga na maji meusi yakimwingia mdomoni, na leo ana lori lake na nyumba sita za kupangisha, dunia haina kitu cha kumfumbua macho. Nimemwona maiti akipiga chafya njiani kwenda makaburini. Wenzangu walitupa jeneza wakakimbia, mie nikauliza hiyo sanda sasa ni ya nani. Nimewaona Wajerumani wakiondoka na Waingereza wakiingia, na wote walipikia mkaa. Kwa hiyo nikisema kwamba Dobi wa Temeke aliniacha nimekaa kwenye maji kama mtoto aliyepokonywa andazi, msomaji ajue nazungumzia mtu wa namna gani.

Kusoma sikusoma. Madrasa niliiacha kwenye alifu, na skuli niliiona dirishani nikimpelekea mwalimu mkaa wa jikoni. Anayetaka maneno yaliyopigwa pasi akamtafute mwingine. Ya kupigwa pasi yalikuwa ya huyo Dobi.

Jina lake alikuwa nalo, na wenye jina lao wapo. Sie tulimwita Dobi na yeye alitaka hivyo. Alikuwa mfupi, mkavu, shingo ndefu, mikono imekwajuka kwa sabuni mpaka huwezi kusema ni ya rangi gani. Nguo za makarani wa mjini zilikuja Temeke kwa baiskeli kwa ajili yake tu. Suruali ya dirili ikitoka kwake, mkunjo wake unaweza kukatia embe. Lakini huchukui nguo yako hivi hivi. Mlangoni kulikuwa na mtungi na kata, na mwenye nguo lazima anawe kwanza. Nilikuwapo siku karani mmoja wa serikali, mtu wa bara, mnene, alipogoma.

"Mimi nimetoka ofisini," karani akasema.

"Ndiyo maana," Dobi akasema. "Nguo iko safi, Bwana Karani. Wewe je?"

Karani akanawa. Walinawa wote. Mie nilikuwa nakwenda pale kila wiki kumpelekea mkaa wa pasi, na kila wiki aliniamuru niushushe nje ya ua, niurushe ndani kwa juu, nisikanyage. Nikiwa kijana nilirusha. Nikiwa na lori nilikuwa bado narusha, ila kwa mkono wa hamali wangu.

Habari yake ya kwenda Japani ilikuwa fupi, na hakuiongeza wala hakuipunguza. Hilo liliniudhi, maana uwongo huota mkia kila unaposimuliwa, na mie nilikuwa nausubiri huo mkia niushike. Alikuwa dobi wa meli ya mizigo. Akashikwa na homa, wakamshusha kwenye mji wa bandari unaoitwa Kobe. Mara ya kwanza tulicheka. Akatutazama mpaka kicheko kikatufia mdomoni. Mwenye hamamu moja ya pale, nyumba ya watu kuogea, akampa kazi, akakaa miaka, akarudi na sanduku la bati, tabia ya kuinama, na dharau. Basi.

Kila Idi Pili alitutembeza. Kwa maneno yake mwenyewe, alitupeleka Japani. Wako watu wa Temeke waliokuwa hawajafika hata Kimbiji, lakini Idi Pili walikwenda Japani na magharibi wakawa wamerudi. Nauli yake ilikuwa debe moja la maji kwa kila mtu, uliteremshe kwake asubuhi, kisha urudi baada ya alasiri umevaa vizuri. Tulipofika alasiri tulimkuta amesimama barabarani, kanzu nyeupe, nywele mbichi kama mtu aliyetoka mvuani, na fimbo ya mwanzi mkononi yenye kitambaa juu. Alisema kule makundi ya watu huenda kutazama misikiti yao na maua ya miti yao wakimfuata mtu mwenye kibendera, na anayeachana na kibendera ni mpumbavu.

Kabla ya vita kitambaa chake kilikuwa cheupe chenye duara jekundu katikati. Vita vilipofika kwa Wajapani, askari wawili walikuja wakakichukua kitambaa, wakamchukua na yeye. Alirudi baadaye bila meno mawili ya mbele. Idi iliyofuata alitangulia na kitambaa cheupe kitupu. Fundi cherehani wa mtaa wetu, ambaye mdomo wake haujawahi kupona, akamwuliza, "Dobi, jua lako liko wapi?"

"Nimelifua," Dobi akasema, na safari ikaanza.

Mlango wa kuingilia aliukata chini kabisa kwenye ua wa makuti, kiasi kwamba hupiti bila kutambaa. Alisema huko kwao chumba cha chai kina mlango wa namna hiyo, ili jemadari na mwuza samaki waingie kwa magoti. Mimi na tumbo langu tulipita kwa shida kila mwaka, na kila mwaka alisimama upande wa ndani akiangalia kisogo changu.

"Acha ukubwa nje, Bwana Mkaa. Hauibiwi."

Watu walicheka. Wapangaji wangu walicheka zaidi.

Ndani kulikuwa na mchanga aliouchana kwa reki ukawa mistari kama kichwa cha mwanamke aliyesukwa, na mawe yamekaa juu yake. Kukanyaga marufuku. Kuuliza maana yake pia marufuku. Fundi cherehani aliuliza akapigwa mwanzi wa kifundo. Kisha mkekani, ukalie visigino, miguu ife. Chai yake ilikuwa majani ya mlonge aliyoyakausha na kuyasaga, akayapekecha kwa upekecho kwenye bakuli mpaka yakatoa povu la kijani, bila sukari. Unashika bakuli kwa mikono miwili, unalizungusha, unakunywa, na uso usikunjwe. Aliyekunja uso aliongezwa.

Hiyo ilikuwa Japani ya zamani. Ya kisasa ilikuwa nyuma ya nyumba. Hapo alichimba handaki, akalifunika kwa mabati na mchanga, akaning'iniza taa ya chemli ndani. Hilo lilikuwa gari moshi la chini ya ardhi. Alitusukuma mle kwa mabega yake, wanaume kwa wanawake, akatukataza kusema, kila mtu atazame miguu yake kana kwamba mwenzake hayupo. "Ndivyo wanavyokwenda kazini," alisema. Tukitoka upande wa pili alitusimamisha mbele ya masanduku yaliyopandishwa moja juu ya lingine mpaka saba, akasema hilo ni duka, na ndani yake ngazi zinatembea zenyewe.

"Ngazi zinatembea, na mtu?" fundi cherehani akauliza.

"Mtu amesimama."

"Na mlevi je?"

"Mlevi anafika juu kabla yako wewe mzima."

Sitaki nimfanye mtu mwema. Alitufundisha jinsi Wajapani wanavyoinamiana barabarani, na yeye ukimwamkia shikamoo anakurudishia marahaba kwa puani kama anayefukuza nzi. Alituambia kule mke akimletea mgeni chai anapiga magoti na mgeni naye anainama, halafu mkewe mwenyewe alimwita "wewe" na hakumwita kingine. Mwanamke yule ndiye aliyechota maji yaliyopungua, ndiye aliyechochea moto chini ya pipa la kuogea siku nzima, akikohoa. Sikuwahi kumwona akiingia majini. Niliwahi kumwuliza Dobi kwa nini. "Atachochea moto nani?" akasema.

Pipa ndilo lililotuleta sote. Kuchapwa kifundo na kunywa mlonge nani angekubali, lakini mwisho wa safari kulikuwa na pipa kubwa la mbao, refu kufika kifuani, lenye kitako cha shaba juu ya mafiga, na ndani yake kichanja cha kukanyagia usiungue. Kwanza unajisugua nje kwa sabuni na kata mpaka umetakata kabisa. Kisha ndiyo unaingia, mmoja mmoja, huna sabuni, huna kitambaa, unazama mpaka kidevuni na kunyamaza. Maji ni hayo hayo kwa wote. Mifupa ya mtu aliyebeba magunia inalegea mle kama muhogo. Mie huo ndio ukweli, ningekunywa mlonge debe zima kwa ajili ya pipa lile.

Na kwa kuwa maji ni hayo hayo, neno kubwa lilikuwa nani anatangulia. Dobi hakuuliza umri wala mali. Alisema, "Nyoosheni mikono," akapita mbele ya mstari kama sajini akikagua kucha. Mwenye kucha nyeupe alitangulia, mwenye kucha nyeusi akafuata. Hivyo ndivyo wafanyavyo Japani, alisema, na nani angebisha.

Kwa miaka mingi mie nilikuwa katikati. Walikuwapo wapaka lami, walikuwapo wachinjaji. Nilivumilia.

Sasa mwaka ule, vita vimekwisha na mie nimeshanunua lori, nilipeleka posa kwa bwana mmoja wa Kilwa, karani mstaafu wa forodha, mzee wa miwani ya dhahabu na maneno machache. Binti yake alijua kusoma kwa herufi zote mbili, za Kiarabu na za Kizungu. Mke nilikuwa naye, mzuri, lakini barua zangu alikuwa anazisoma mtu wa dukani, na siri za biashara hazisomwi na mtu wa dukani. Niliitaka ile posa kuliko nilivyolitaka lori. Nikamwalika mzee kwenye safari ya Japani ili aone jinsi mtaa unavyonijua. Asubuhi nikampelekea Dobi magunia mawili ya mkaa mzuri wa mpingo, zawadi, nikasema na hamali wangu naye aje, ale sikukuu.

Mzee wa Kilwa alitambaa mlangoni bila neno. Alikunywa mlonge bila kukunja uso. Dobi alimpenda, nikaona mambo yananinyookea.

"Nyoosheni mikono."

Mzee wa Kilwa wa kwanza, sawa. Mikono ya kushika kalamu. Fundi cherehani wa pili. Mwalimu, mpishi wa Mzungu, muuza maziwa. Hamali wangu, mjinga yule, alikuwa amejisugua tangu jana kwa chokaa na mchanga, kucha zake zinang'aa kama mchele. Dobi akamtazama, akatikisa kichwa kwa heshima, akamsogeza mbele. Alipofika kwangu alikishika kidole changu, akakigeuza kwenye mwanga. Mkaa wa miaka thelathini hautoki kwa sabuni. Umo ndani ya ukucha kama wino.

"Wewe mwisho."

"Mwisho nyuma ya nani?"

"Nyuma ya hamali wako."

Nikacheka, nikadhani na yeye atacheka. "Dobi, huo moto unaouona ni wa mkaa wangu."

"Ndiyo," akasema. "Na mkaa kazi yake ni chini ya pipa. Hauingii ndani."

Watu walicheka mpaka muuza maziwa akakaa chini. Lakini mie niliangalia mtu mmoja tu. Mzee wa Kilwa alivua miwani, akaifuta kwa pembe ya shuka, na mabega yake yakatikisika. Hakutoa sauti. Ingekuwa afadhali angetoa.

Ningeondoka, ningekuwa mtu aliyekasirika mbele ya mkwe. Nikabaki. Nilisimama na shuka kiunoni nikiwatazama wakiingia na kutoka, mmoja baada ya mwenziwe, wamelegea, wanahema kwa raha. Hamali wangu alipotoka alinipa kata kwa mikono miwili na kusema, "Bwana, yamebaki ya kutosha." Niliingia. Maji yalikuwa vuguvugu, yamepauka, na unywele wa mtu ulikuwa ukielea mbele ya pua yangu. Nikakaa mle mpaka watu wakamaliza kuvaa.

Posa ilirudi baada ya siku chache, pamoja na maneno matamu: binti bado mdogo, binti bado anajifunza upishi. Lakini Temeke nzima ilikuwa na maneno mengine. Nikipita, mtu anamwuliza mwenziwe, "Yule ni nani?" Mwenziwe anajibu, "Yule anayeoga nyuma ya hamali wake." Wanawake walilitia kwenye ngoma ya harusi. Mie mwenyewe nilichangia mchele wa harusi hiyo.

Mkaa wote wa Temeke wakati ule ulipita mikononi mwangu, au mikononi mwa watu walioniogopa. Nikasema neno moja tu: Dobi asiuziwe. Sikupiga kelele. Pasi bila mkaa ni jiwe lenye mkono.

Alijaribu vifuu vya nazi. Vifuu vinataka ujuzi, vikiwa havijaiva vinarusha cheche. Yule karani mnene wa serikali, aliyenaweshwa mlangoni, alivaa suruali yake akaenda nayo ofisini bila kujua ina tundu la ukubwa wa shilingi makalioni. Alijulishwa na Mzungu wake. Habari ile ilikimbia mjini kuliko baiskeli zilizoleta nguo, na baiskeli zikaacha kuja. Nilipita kwa Dobi makusudi, lori limejaa, nikiendesha polepole. Alikuwa amekaa mlangoni karibu na mtungi, mikono magotini. Hakuniomba. Nilikuwa nimejiandaa aniombe, nina jibu langu tayari kabisa.

Alikuja mkewe. Alisimama kwenye kiwanja changu cha mkaa mbele ya wateja, kanga imemzunguka mdomoni kwa ajili ya kile kikohozi.

"Baba, tuuzie japo pakacha moja."

"Nyoosha mikono," nikamwambia.

Hakuelewa, au alielewa. Akainyoosha. Kucha zake zilikuwa nyeusi kuliko zangu, kwa miaka ya kuchochea ule moto.

"Wewe mwisho," nikasema. "Kaa pale usubiri wote waishe."

Alikaa. Wateja walipokwisha nilifunga kiwanja. Hamali wangu alikuwa ameshika gunia, akaliweka chini, akaenda zake, na kesho yake hakuja kazini wala hakuja tena. Sisemi nilikosea. Nasema nilivyofanya. Mtu akikuvua nguo mbele ya watu, humrudishii vifungo.

Wakahama. Nilisikia wamekwenda Kimbiji, kwa watu wa mwanamke, na Dobi anafua nyavu za wavuvi na mashuka ya misheni. Pipa lilibaki likaliwa na mchwa. Ua ukaanguka. Mahali pa mchanga wa mistari nilipapata kwa bei nafuu, nikaweka magunia.

Sasa nije Kinondoni. Nilijenga huko nyumba ya saruji, madirisha ya vioo, baraza pana. Mgongo ulikuwa umeanza kudai yale magunia ya Pugu, na kila nikilala naota maji ya moto mpaka kidevuni. Wakati huo meli za Wajapani zilikuwa zimeanza kurudi bandarini, na pale Kurasini nikakutana na baharia wa Kingazija aliyefanya kazi ndani ya meli zao. Nikamwuliza habari ya kucha.

"Kucha gani?" akasema. "Wajapani hawakagui kucha za mtu. Mgeni wa heshima ndiye anayetangulia majini. Halafu mwenye nyumba na watu wake. Anayechochea moto ndiye wa mwisho."

Nikamfanya arudie. Akarudia. Kumbe habari ya kucha Dobi aliitunga Temeke. Pipa lilikuwa kweli, chai ilikuwa kweli, handaki labda, lakini kanuni iliyoniweka nyuma ya hamali wangu ilikuwa ya kichwani mwake. Ule mkia niliousubiri miaka yote nilikuwa nimeukalia.

Nikaamua mambo yafanywe inavyopasa. Niliagiza mbao za mvule. Fundi wa Kihindi akanipigia kitako cha shaba, seremala akafunga pipa kwa pete za chuma, na lilipojazwa maji lilivuja kila mahali kama chujio. Maseremala watatu walishindwa. Nikampeleka dereva na lori mpaka Kimbiji kupitia zile njia mbovu, nikamwambia amlete Dobi, na asipotaka kuja asimlazimishe, amwambie tu kuna pipa.

Akaja. Alikuwa amezeeka vibaya, nguo safi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba," kwa puani vilevile. "Bado unauza weusi?"

"Bado. Mama hajambo?"

"Mama kafa. Kifua." Akapita kwenda kulitazama pipa.

Nilisema poleni, akawa ameshainama anapapasa mbao. Hakutaka mafundi. Alilijaza maji, likavuja, akalijaza tena, akakaa nalo mpaka mbao zikanywa zikavimba zikashikana, likawa kavu nje kama ngoma. Hakutaja ujira. Aliniuliza jambo moja.

"Nani ataingia kwanza?"

"Mie."

"Na nyuma yako?"

"Watu."

"Aa," akasema.

Idi Pili nikawaalika wa Temeke wote. Fundi cherehani alikuja, mwalimu alikuja, muuza maziwa na wanawe. Mzee wa Kilwa alikuja, amepofuka jicho moja, ameshikwa mkono na mkwe wake, karani kijana aliyempata badala yangu. Mlango wangu haukuwa wa kutambaa. Chai yangu ilikuwa na maziwa na sukari. Kulikuwa na pilau ya mbuzi wawili. Niliwaeleza wote, kwa sauti, alichoniambia baharia: kwamba kule hakuna kucha, kwamba anatangulia mtu wa heshima, na kwamba tulidanganywa miaka yote. Dobi alikuwa anachochea moto, mgongo ametupa. Hakugeuka.

Na bado nilijisugua. Nilikuwa nimejisugua tangu siku tatu nyuma kwa chokaa, mchanga na dodoki, mpaka kucha zikatoka damu. Zilikuwa nyeupe. Kabla ya kuingia nikamwendea Dobi, nikanyoosha mikono bila kuambiwa. Akaitazama mmoja, akautazama wa pili.

"Safi," akasema.

Nikaingia. Maji hayajaguswa na mtu, yanawaka, mpaka kidevuni. Nilifumba macho. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu hakuna aliyekuwa mbele yangu.

Nilipofumbua, watu walikuwa wanakula.

"Fundi," nikaita, "zamu yako inakuja."

"Bwana, nina mafua."

"Mwalimu?"

"Nimeoga nyumbani, nashukuru sana."

Muuza maziwa alisema daktari amemkataza joto. Mzee wa Kilwa alimwomba mkwewe amwongezee nyama. Walikula pilau mpaka ukoko, na hakuna hata mmoja aliyefungua kifungo cha shati. Niliendelea kukaa, maana nikitoka bila wa kunifuata nitakuwa nimetoka wa mwisho. Vidole vikanyauka. Moto ukashuka. Hatimaye nikasema, kwa sauti ya kawaida, "Dobi. Baharia alisema mchochea moto naye anaingia. Njoo, maji bado mazuri." Nikatoka, nikajifunga shuka, nikampisha.

Alikuja mpaka kwenye pipa. Akachovya kidole, akakitazama.

"Baharia wako kasema kweli," akasema. "Mchochea moto anaingia mwisho. Kule Kobe nilichochea miaka yote, na kila usiku niliingia wakishamaliza wote, maji yamekuwa mchuzi. Niliapa nikirudi kwetu sitaoga nyuma ya mtu."

Ndipo nikazikumbuka zile nywele mbichi za kila Idi. Alikuwa ameshaoga, peke yake, kabla hatujaja. Mzee wa Kilwa, fundi, mwalimu, wote wenye kucha nyeupe, sote tulioga nyuma yake.

"Maji ni safi," nikasema. "Umeziona kucha mwenyewe."

"Nimeziona."

Akaingiza mkono chini, akang'oa kizibo. Maji yakamwagika uani, yakapita chini ya mkeka wa wageni, watu wakainua sahani zao na miguu yao. Dobi akanawa mikono kwenye mtungi wangu, akavaa kofia, akatoka kwenda kulisubiri lori barabarani.

Mbao za mvule, kitako cha shaba, pete za chuma, seremala, petroli ya Kimbiji kwenda na kurudi mara mbili, mbuzi wawili na gunia la mchele: shilingi mia tano thelathini na mbili, na senti arobaini.